Nairobi hadi Mumbai ni masaa sita. Mjomba alichukua miezi minne

Wasee, hebu toa simu uandike Nairobi na Mumbai kwa Google. Itakuambia kuna kama kilomita 4,530 ukipima moja kwa moja angani, na ndege isiyotua popote njiani inachukua masaa sita hivi, saa zingine chini ya hapo kidogo. Masaa sita tu! Kuna watu wamekaa kwa jam karibu muda huo wakienda ushago wikendi ya Krismasi.

Mimi nilitafuta hiyo kitu kwa sababu ya mjomba. Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili aliambiwa valvu moja ya moyo imechoka na inafaa ibadilishwe, na daktari akataja India. Kwetu nyumbani neno India si jina la nchi. Mtu akisema "fulani ameambiwa aende India", watu hunyamaza kwanza, halafu mmoja anauliza nambari ya kuchangia ni gani.

Shosho ndiye aliniuliza huko ni mbali kiasi gani. Nikamwambia, nikijiona mjanja na simu yangu, "Ni masaa sita tu, shosho." Akatingisha kichwa, akamenya viazi kama viwili hivi, halafu akauliza, "Na atafika lini?"

Sikuwa na jibu. Lakini hilo swali lilinifanya nianze kusoma kuhusu hii bahari iliyo katikati yetu na India, na nikagundua kwamba miaka yote watu wamekuwa wakiuliza maswali hayo mawili kando kando. Ni mbali kiasi gani ni swali moja. Utafika lini ni swali lingine kabisa.

Kwanza turekebishe ramani iliyo kichwani. Sisi hufikiria Afrika ni nyumbani na Asia ni mbali. Sasa pima Nairobi hadi Dakar, mji wa Afrika kama sisi: ni zaidi ya kilomita 6,200. Yaani Mumbai iko karibu nasi kuliko Dakar, kwa zaidi ya kilomita 1,500. Ukiwa Mombasa inakaribia zaidi kidogo, kilomita 4,450 hivi, na kati yako na Mumbai ni maji. Babu zetu wa Pwani hawakuhitaji Google kujua hilo. Kwao India ilikuwa jirani. Shida ilikuwa kwamba mlango wa huyo jirani unafunguliwa kwa ratiba.

Ratiba yenyewe ilikuwa upepo. Toa ndege kwenye picha, toa injini, uwe na jahazi na tanga peke yake. Kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, kaskazi inavuma kutoka upande wa Uarabuni na India ikija kwetu. Aprili inageuka. Inaingia kusi, inayosukuma kutoka kwetu kwenda huko, mpaka Septemba hivi. Sababu yake si uchawi. Bara la Asia ni kubwa ajabu, na ardhi hupata joto haraka kuliko bahari. Jua likiwaka huko katikati ya mwaka, hewa ya juu ya ardhi inapanda na hewa ya baharini inavutwa kuingia mahali pake. Mwisho wa mwaka ardhi inapoa kuliko bahari na mambo yanageuka. Ni kama pumzi: Asia inavuta, Asia inatoa, mara moja kwa mwaka.

Lakini si ati kusi ikianza tu unaruka. Juni na Julai inakuwa na hasira, mvua na mawimbi kule magharibi mwa India ni balaa, na bandari nyingi za huko zilikuwa zinalala. Kwa hivyo nahodha wa huku mwenye akili aliondoka mwanzoni, Aprili au mapema Mei, afike kabla bahari haijachafuka, ama angoje Agosti na Septemba kusi ikiwa inachoka. Ukikosa hiyo nafasi umekosa. Unakaa. Hakuna kusogeza tarehe ya tiketi.

Na hii kitu iko ndani ya Kiswahili mpaka leo, tunaitumia bila kufikiri. Ukisema kaskazini unasema upande kaskazi inakotoka. Ukisema kusini, ni inakotoka kusi. Dira yetu nzima ya kaskazini na kusini ni ratiba ya majahazi. Neno msimu nalo lina asili ya Kiarabu, mawsim, na ni hilo hilo Wareno walilichukua wakaligeuza, Waingereza wakageuza tena, wakapata monsoon. Halafu ile imenimaliza ni rubani. Leo rubani ni mtu wa ndege, na miwani na mabega ya dhahabu. Zamani rubani alikuwa mtu wa chombo cha baharini, yule anayejua njia. Ndege zilipokuja, jina lilipanda tu angani.

Sasa nikupe kisa ambacho kwangu kinaeleza hii bahari kuliko kitabu chochote cha Fomu Tatu. Sote tulifundishwa Vasco da Gama "aligundua" njia ya kwenda India. Tuangalie tarehe.

Mwaka wa 1498 jamaa alifika Mombasa tarehe 7 Aprili. Hakuelewana na wenyeji, akaondoka. Tarehe 14 akafika Malindi, na mfalme wa Malindi, ambaye alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, akaona huyu mgeni anaweza kuwa rafiki wa maana. Akampa rubani. Tarehe 24 Aprili wakang'oa nanga. Tarehe 20 Mei walikuwa nje ya Calicut, kusini magharibi mwa India, na pwani yenyewe walikuwa wameshaiona siku mbili kabla. Umbali wa Malindi hadi Calicut ni kama kilomita 4,260. Walipita bahari kubwa, ambayo hakuna hata mmoja wa Wareno hao aliwahi kuiona, kwa siku ishirini na tatu au nne. Ukigawanya ni kama kilomita 180 kwa siku, mwendo wa mtu anayekimbia polepole bila kusimama, usiku na mchana. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa safari tamu.

Tamu kwa nini? Kwa sababu ya tarehe. Mwisho wa Aprili, kusi ndiyo imeingia, bado ni mpole. Hiyo si bahati ya Vasco. Rubani na watu wa Malindi walijua wiki ya kuondoka kama wewe unavyojua saa za matatu ya mwisho.

Huyo rubani alikuwa nani? Utasikia watu wakisema ni Ibn Majid, bingwa wa mabaharia wa Kiarabu aliyeandika vitabu vya kusafiri baharini. Ni stori nzuri, lakini wanahistoria wengi leo hawaikubali. Wareno wenyewe baadaye waliandika kwamba alikuwa mtu wa Gujarat, na cheo walichompa, malemo, ni masikio ya Kireno yakisikia maalim, mwalimu, jinsi mabaharia walivyomwita mjuzi wa njia. Yaani jina lake hatuna kwa uhakika. Ukienda Malindi kuna mnara wa Vasco da Gama, mweupe, na msalaba juu, watu wanapiga picha hapo. Mnara wa rubani mimi sijawahi kuuona. Tumemjengea abiria.

Lakini ngoja, kisa hakijaisha. Kurudi ndiko kuliko na somo.

Huko Calicut Vasco alikosana na mtawala pia. Mwisho wa Agosti akaondoka, akazungukazunguka pwani ya India, halafu tarehe 5 Oktoba 1498 akaamua sasa tuvuke turudi. Oktoba! Kusi inakufa, kaskazi haijazaliwa. Mtoto yeyote wa bandarini kule angemwambia ngoja wiki chache, ubebwe na upepo mpaka Malindi. Hakuwa na rubani wa kumzuia, ama alikuwa na haraka, ama yote mawili. Wakaingia baharini na upepo ukakataa. Siku zingine kimya, tanga linaning'inia kama nguo kwa kamba. Siku zingine upepo wa kuwarudisha nyuma.

Bahari ni ile ile, umbali karibu ule ule. Safari hii ilichukua miezi mitatu. Pwani ya Afrika waliiona mwanzoni mwa Januari 1499, karibu na Mogadishu, na Malindi wakafika tarehe 7. Ukipima kwa mstari ulionyooka ni mwendo wa chini ya kilomita mbili kwa saa. Mtoto anayejifunza kutembea angewapita. Watu kama thelathini walikufa humo njiani kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, fizi zinavimba mpaka mtu hawezi kula. Kwa kila chombo walibaki watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Malindi iliwapa machungwa. Walipofika pwani ya Tanga wakachoma meli yao moja, São Rafael, kwa sababu watu wa kuiendesha hawakuwapo tena.

Kwenda, siku ishirini na kitu. Kurudi, siku tisini na kitu. Sasa niambie Malindi na Calicut ziko mbali kiasi gani.

Ndiyo maana naona ile hadithi ya "aligundua njia" ni kama kumsifu mtu aliyepanda basi. Njia ilikuwepo zaidi ya miaka elfu moja. Kuna mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unaotaja bandari za pwani yetu na za India na upepo wa kwenda nao. Kilichokuwa kigumu si kilomita, ilikuwa ni kujua lini. Na huyo "lini" alikuwa mali ya watu wa hapa, Waarabu, Wagujarati, Waswahili, na mtu asiyewasikiliza alilipa kwa maiti.

Kungoja nako kulikuwa na matokeo. Jahazi likija na kaskazi Januari haliwezi kurudi kesho yake. Nahodha na mabaharia wanakaa mpaka Aprili. Wanauza, wananunua pembe, wanatengeneza tanga, wanapika, wanaswali, wengine wanaoa. Msafiri anayekaa miezi mitatu si mtalii, ni jirani wa muda. Nafikiri nusu ya Pwani tunayoijua ilitengenezwa kwa huo muda wa kukaa bila kazi nyingi. Neno pesa limetoka India. Laki pia. Gari, chapati, bima, yote. (Bima tutairudia, nina maneno nayo.) Hatukuyapata hayo kwa mtu kupita haraka.

Ila nisiwapake mafuta. Upepo huo huo ulibeba watumwa. Kuna jamii India zinaitwa Siddi, Gujarat, Karnataka na kwingineko, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamefungwa ndani ya majahazi hayo hayo tunayoyaweka kwa kadi za posta za Lamu. Wengine walipanda vyeo ajabu. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia katikati ya karne ya kumi na sita, akauzwa zaidi ya mara moja, akaishia kuwa mkuu wa majeshi na mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola ya Ahmadnagar, upande wa bara kutoka Mumbai ya leo. Na kusini kidogo ya Mumbai kuna ngome baharini, Janjira, iliyotawaliwa na ukoo wa Masiddi kwa karne kadhaa. Lakini kwa kila Malik Ambar kuna maelfu ambao hawakuulizwa kama wanataka kujua ni siku ngapi.

Hata Livingstone, huyo wa vitabu, alionja. Mwaka wa 1864 alikuwa na meli ndogo, Lady Nyassa, akaamua kuipeleka Bombay akaiuze. Alikuwa na vijana wa Kiafrika ndani, akiwemo Chuma, ambaye miaka tisa baadaye angekuwa miongoni mwa waliobeba maiti yake mpaka pwani. Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, mwanzo wa kusi, kama inavyotakiwa. Ila upepo wa mwaka huo uliwanyima, na injini ilikuwa na makaa kidogo. Siku arobaini na tano. Waliingia Bombay tarehe 13 Juni, dhoruba za msimu zikiwa mlangoni.

Halafu injini ikashinda. Meli za mvuke zikafanya Mombasa na Bombay kuwa safari ya wiki moja na kitu, mwezi wowote unaotaka. Ungefikiri hapo mlango umefunguliwa kwa kila mtu. Lakini angalia kilichotokea: ratiba ilitoka kwa upepo, ambao hauna mwenyewe, ikaenda kwa kampuni na serikali. Zamani nahodha wa Lamu alihitaji chombo, mabaharia na akili. Sasa ulihitaji tiketi, karatasi, na mtu wa kukuruhusu.

Na wengi waliovuka kwa meli hizo hawakuchagua sana. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta karibu watu 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, kwa mikataba ya kazi, wengi wakitoka Punjab na kupandia Karachi. Karibu 2,500 walikufa hapa. Kama 6,700 walibaki mkataba ulipoisha, wengine wakarudi. Tunawakumbuka kwa simba wa Tsavo tu, kama kwamba simba ndiye aliyewamaliza wote. Magonjwa na ajali ziliua zaidi, lakini malaria haitengenezewi filamu.

Kuna meli moja nataka uijue, kwa sababu mimi sikuijua mpaka nilipoanza hii safari yangu ya kusoma usiku. SS Tilawa. Novemba 1942 iliondoka Bombay ikija Mombasa na kuendelea kusini. Ndani kulikuwa na watu 958, wengi wao Wahindi, familia nzima nzima, watu waliokuwa wakirudi madukani kwao au wakija kwa mara ya kwanza. Ilikuwa wakati wa vita. Usiku wa tarehe 23, katikati ya hii bahari yetu, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo. Watu wakashuka kwa mashua. Meli ilikuwa bado inaelea, wengine wakaanza kurudi ndani, ikapigwa ya pili. Watu 280 walikufa. Waliookolewa wengi waliokotwa na manowari ya Uingereza, HMS Birmingham, na kurudishwa Bombay. Zile familia hazikuwa mbali na Mombasa kwa hesabu ya kilomita. Siku chache tu.

Februari 1944 ikawa zamu ya upande wetu. Meli SS Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na watu zaidi ya 1,500, kundi kubwa likiwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa umri wangu na wako waliokuwa wakipelekwa vita vya Asia. Tarehe 12, karibu na Maldives, torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache sana. Walikufa karibu 1,300. Katika shule zote nilizopita, hakuna siku nilisikia jina la hiyo meli. Ukimuuliza mtu wa mtaa wetu meli iliyozama ni gani, atakuambia Titanic na atakuimbia na wimbo.

Ndege sasa. Mwaka wa 1950 Air India ilianza kuruka Bombay hadi Nairobi, ikipitia Aden, kwa ndege za mapanga aina ya Constellation. Meli hazikufa mara moja, maana nauli ya kulala kwenye sitaha ilikuwa rahisi kuliko kiti cha ndege, na meli kama Karanja ziliendelea kubeba watu na masanduku yao mpaka miaka ya sabini. Halafu jeti zikaja, na hapo ndipo tukafika kwa masaa sita.

Hata upepo haujaondoka kabisa, usidanganyike. Marubani bado wanaupigia hesabu. Mfano unaojulikana zaidi uko bahari nyingine, kati ya London na New York: ukienda mashariki kuna mkondo wa upepo mkali juu angani unaokusukuma, na safari ya kurudi London huwa fupi kwa kama saa nzima. Februari 2020 ndege moja ya British Airways ilivuka kwa masaa manne na dakika 56 kwa sababu dhoruba ilikuwa nyuma yake. Vasco angelia.

Na usichanganywe na saa za tiketi. India iko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, hiyo nusu ndiyo huchanganya watu. Ukitoka Nairobi saa mbili asubuhi ukaruka masaa sita, unatua Mumbai saa zao zikisema saa kumi na nusu jioni. Ukirudi vivyo hivyo, unatoka saa mbili asubuhi na kufika Nairobi saa tano na nusu kabla hata ya chakula cha mchana. Binamu yangu aliona hizo tiketi mbili akasema ndege ya kurudi ni ya kasi, tulipe hiyo pande zote mbili.

Sasa turudi kwa mjomba, kwa sababu swali la shosho bado liko mezani.

Grupu la WhatsApp lilifunguliwa mwezi wa kumi na mbili. Lengo lilikuwa milioni moja na laki mbili, upasuaji, nauli ya watu wawili na pa kulala. Nauli yenyewe ilikuwa kipande kidogo, hiyo ndiyo ilinishangaza. Bima aliyokuwa akilipia miaka yote iliangalia karatasi zake wiki tano, halafu ikasema hapana, ugonjwa ulikuwepo kabla. Neno limetoka India, lakini lenyewe halikutaka kumpeleka huko. Januari tulikuwa na laki mbili na kitu. Kuna siku nzima grupu lilikuwa kimya, hakuna hata mtu wa kutuma mikono ya maombi. Februari tukafanya harambee ya kanisa. Machi mjomba alianza kulala ameketi, maana akilala chini pumzi inakata, na mama akauza ng'ombe wawili bila kumwambia mtu. Halafu hospitali ya huko ikatuma barua, viza ya matibabu ikaombwa, ikatoka, tiketi ikanunuliwa.

Mimi nilikuwa nasoma haya mambo ya kaskazi na kusi usiku, na mchana naangalia hesabu ya mchango. Ndiyo nikaona kitu kilichonifanya niweke simu chini. Mjomba alikuwa amekaa akingoja tangu Desemba, na tarehe ya tiketi ilikuwa wiki ya mwisho ya Aprili. Ni ratiba ya jahazi kabisa. Kaskazi nzima amekaa bandarini, kusi ikiingia anaondoka. Tofauti ni kwamba yule nahodha wa Malindi alijua hakika upepo utageuka. Sisi hatukuwa na hakika na chochote. Hakuna mwezi ambao pesa za watu huanza kuvuma upande wako.

Kuna majirani wawili tuliowajua ambao grupu zao hazikufika. Mmoja alikuwa amebakisha kidogo sana. Ukiuliza India ni mbali kiasi gani kutoka kwa nyumba hiyo, jibu si kilomita 4,530.

Usiku wa safari nilikaa na shosho sebuleni, nikamwonyesha ile ramani ya simu ambayo unaona ndege kama kadude kadogo ka njano. Ikatoka Nairobi, ikapita juu ya Somalia, ikaingia maji. Shosho aliuliza mbona haisongi. Nikamwambia inasonga, kilomita mia nane na kitu kwa saa. Akasema kwake imesimama. Alilala kitini kabla haijafika nusu ya bahari.

Ujumbe wa mama uliingia alfajiri. "Tumefika. Kuna joto kushinda Mombasa."

Nilimwamsha shosho nikamsomea. Alihesabu kwa vidole, Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, akasema, "Basi amefika haraka."

Mjomba alirudi mwezi wa sita na kovu kifuani na dawa za kujaza droo. Analala chini kama watu. Madaktari wamesema arudi huko baada ya mwaka mmoja waangalie hiyo valvu, na jana usiku admini amefungua grupu jipya.